Kufinyanga Uso kwa Mwanga

Alfajiri ya Baraka, mji wa mashariki ya Kongo, huanzia katika Ziwa Tanganyika. Mitumbwi iliyokesha ikivua ndakala, yaani dagaa, kwa taa hurudi kabla jua halijachomoza nyuma ya rasi ya Ubwari, na kwa dakika chache uso wa mvuvi hupigwa na mianga mitatu kwa pamoja. Wa taa, wa manjano, umelala shavuni. Wa anga, wenye ubluu, umeshuka kwenye paji. Wa maji unatoka chini na kugusa kidevu na uvungu wa nyusi. Jasho na mafuta ya ngozi huufanya kila mwanga uache alama yake. Wanaomngoja ufukweni hawaioni hiyo mianga. Wanachoona ni kwamba fulani amerudi salama.

Msanii wa kompyuta anayetaka kumuumba mvuvi huyo mwanzo hadi mwisho hufanya kazi kinyume nao. Yeye huufumua uso: mfupa uko wapi, nyama imekaaje juu ya mfupa, ngozi inameza mwanga kiasi gani na kuurudisha kiasi gani, na mwanga wenyewe umetoka upande upi. Kisha huushona upya ndani ya mashine mpaka atakayeuona aulize hiyo foto ilipigwa lini. Hatua ni tatu: kufinyanga umbo, kulivisha ngozi, na kuliunganisha na picha halisi ya mahali.

Zamani hayo yalikuwa mambo ya studio kubwa za sinema. Leo programu moja ya bure, Blender, inaweza karibu yote. Blender ilianzishwa na Mholanzi Ton Roosendaal katika miaka ya 1990. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilipofunga milango, watumiaji wake walichangishana euro 100,000 katika muda wa wiki saba mwaka 2002, wakainunua na kuiacha huru kwa kila mtu. Mwaka 2025 filamu ya Flow, kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilitwaa Oscar ya filamu bora ya katuni.

Ikishapakuliwa mara moja, Blender haidai intaneti tena. Hilo si dogo mahali kama Baraka, ambako watu hununua mtandao kwa megabaiti na umeme wa wengi ni wa sola au jenereta. Gharama hujificha kwingine: kwenye kompyuta yenye nguvu ya kutosha, na kwenye saa nyingi za umeme zinazoliwa pale mashine inapoipika picha ya mwisho, kazi ambayo wahariri wa video huiita kurenda.

Wavu wa macho milioni sita

Kila umbo ndani ya kompyuta ni wavu. Kuna nyuzi, nyuzi hukutana kwenye mafundo, na katikati ya mafundo kuna macho, sawasawa na wavu wa kuvulia. Macho yakiwa makubwa, wavu hushika umbo la jumla tu: hiki ni kichwa, hii ni shingo. Anayetaka kunasa mkunjo wa kope anahitaji wavu wa macho madogo, kama vile anayetaka ndakala asivyoweza kwenda ziwani na wavu wa samaki wakubwa.

Kazi huanza na tufe au mchemraba. Mchemraba una pande sita. Programu ikiamriwa kukata kila upande vipande vinne, pande huwa 24, halafu 96, halafu 384. Amri hiyo ikirudiwa mara kumi, wavu unakuwa na macho 6,291,456. Hapo vitundu vya ngozi ya pua hupata pa kukaa, na hapo pia kompyuta dhaifu huanza kuhema.

Hakuna anayeshika fundo mojamoja. Msanii hutumia kipanya, au kalamu ya kompyuta inayohisi mkono unavyokandamiza, na vifaa ambavyo wenyewe huviita brashi ingawa havipaki rangi. Moja huvuta udongo nje, nyingine huubonyeza, nyingine huulainisha, nyingine hubana ukingo wa mdomo. Anayejifunza hukimbilia macho na midomo, kwa kuwa ndivyo tunavyotambuana. Waliokomaa huanza na fuvu. Mfupa wa shavu ukikaa nusu sentimita chini ya mahali pake, hakuna kovu wala kunyanzi litakalouokoa uso huo baadaye. Baada ya mfupa huja misuli ya taya na ile inayouzunguka mdomo, kisha mafuta, kisha ngozi. Sikio huja mwisho na huwatesa wote.

Kuna mtego mmoja mtamu. Programu humruhusu msanii kufinyanga upande mmoja wa uso, na upande wa pili ukajifuata wenyewe kama kwenye kioo. Nusu ya kazi imekwisha! Lakini hakuna binadamu aliyelingana hivyo. Mtu aliyevuta kamba kwa bega moja miaka ishirini, akakunja jicho moja zaidi kwa sababu ya mng'aro wa maji, ana uso wenye historia zaidi upande huu kuliko ule. Kwa hiyo kioo huzimwa mapema, nyusi moja ikapandishwa kidogo, taya moja ikanenepeshwa kidogo, na ghafla kinyago kinakuwa mtu.

Milima ya Fizi, eneo la Baraka, haihitaji kufundishwa kwamba uso unaweza kuchongwa. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, aliyeanza utafiti wake miongoni mwa Wabembe wa huko mwishoni mwa miaka ya 1940, alichapisha mwaka 1981 kitabu kizima kuhusu sanamu za mababu zinazohusishwa na Basikasingo, Wabembe na Waboyo. Wabembe hao hao wana kinyago cha chama cha alunga: kofia ya mbao yenye nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, na matundu makubwa ya macho yaliyozungushiwa weupe. Hakikukusudiwa kufanana na mtu. Aliyekivaa alipotokea hadharani hakutakiwa kuwa jirani wa mtu yeyote, na uso unaotazama pande zote mbili ulilitimiza hilo vizuri kuliko uso wenye pua na kunyanzi za fulani wa kijiji fulani. Kufananisha na kutofananisha ni uamuzi wa fundi, na kila uamuzi una kazi yake.

Magharibi ya Kongo, fundi wa Kipende aliwahi kuamua vingine. Mwaka 1931, wakati wa uasi wa Wapende, ofisa wa Kibelgiji Maximilien Balot aliuawa, na sanamu ya mbao ikachongwa kumwakilisha. Sanamu hiyo iliishia katika jumba la sanaa la jimbo la Virginia, Marekani. Huko Lusanga, mkoani Kwilu, kundi la wasanii waliokuwa wafanyakazi wa mashamba, linalojulikana kwa kifupi kama CATPC na lililoundwa mwaka 2014, lilidai kuiona. Mwaka 2022 kundi hilo lilitumia picha za sanamu hiyo kutengeneza nakala za kidijitali na kuziuza, jumba likalalamika, na mwaka 2024 sanamu yenyewe ikaletwa Lusanga kwa mkopo.

CATPC wamezoea kuvuka kutoka udongo kwenda kompyuta. Hufinyanga watu kwa udongo wa mtoni, sanamu zikachunguzwa kwa mashine inayosoma umbo lake lote, na ule wavu wa macho mengi ukasafiri kama faili hadi Amsterdam. Huko umbo huzaliwa upya kwa kakao na mafuta ya mawese, mazao yaleyale ya mashamba yaliyowachosha wazee wao. Udongo hauvumilii safari ndefu. Faili inavumilia. Mwaka 2024 kazi zao zilijaza banda la Uholanzi kwenye maonyesho ya Venice.

Mashine ya aina hiyo si lazima. Simu yenye kamera nzuri inaweza kufanya sehemu ya kazi: mtu huketi kimya, mwenzake humzunguka akimpiga foto hamsini au sitini, kila moja ikiingiliana na iliyotangulia, na programu hutafuta alama zinazojirudia, kovu hili, kona ya jicho ile, mpaka ikokotoe umbo lake. Siku ya mawingu hufaa kuliko siku ya jua kali. Na ngozi inayong'aa huichanganya programu, kwa kuwa mng'ao huhama kila kamera inapohama. Mashine huudhani ni sehemu ya uso, kumbe ni taswira ya dirisha. Hapo ndipo hatua ya pili inapoanza kuonyesha ugumu wake.

Ngozi na kilicho chini yake

Kwanza umbo hukatwa. Mshonaji akitaka gauni la kitenge, huchora vipande bapa kwenye kitambaa kabla havijawa mwili wa mtu. Msanii naye huuchana uso kwa mistari ya kufikirika, nyuma ya masikio na kisogoni, kisha huulaza bapa kama ngozi ya mbuzi iliyotandazwa juani. Juu ya ngozi hiyo hupaka ramani kadhaa. Moja ni ya rangi. Nyingine ni ya vitundu na mikunjo midogo kuliko wavu unavyoweza kubeba. Nyingine huiambia mashine pua inang'aa na shavu limefifia. Makovu, madoa ya jua, ndevu za jana, wekundu wa ufizi, vyote vina ramani.

Hata hivyo rangi peke yake hutoa mdoli wa plastiki. Mtu anaweza kulijaribu hili nyumbani: gizani, aweke tochi ya simu nyuma ya kidole. Kidole kitawaka wekundu. Mwanga haudundi wote juu ya ngozi. Sehemu yake huzama, huzurura ndani ya nyama na damu, kisha hutokea milimita chache pembeni. Mwaka 2001 Henrik Wann Jensen, Stephen Marschner, Marc Levoy na Pat Hanrahan walichapisha njia ya kukokotoa safari hiyo bila kuichosha kompyuta, na mwaka 2004 watatu kati yao, Jensen, Marschner na Hanrahan, walipewa tuzo ya kiufundi na akademia inayotoa Oscar. Gollum wa filamu ya mwaka 2002, yule kiumbe mwembamba wa The Lord of the Rings, alionekana kuwa na nyama hai kwa sababu ya mbinu za aina hiyo.

Miaka karibu 20 baadaye, Theodore Kim, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale aliyewahi kufanya kazi Pixar, aliandika katika jarida la Scientific American la mwaka 2020 jambo lililowakera baadhi ya wenzake. Alisema fani yao imeuchukua ule mng'ao wa ndani, unaoonekana zaidi kwenye ngozi changa ya Kizungu, ikaufanya kuwa ndio maana ya ngozi ya binadamu. Wengine wote wakawa nyongeza.

Hoja yake inashikika ukiifuata fizikia. Juu kabisa, ngozi ya kila mtu hurudisha karibu asilimia 3 ya mwanga unaoipiga moja kwa moja, awe mweusi au mweupe, kwa kuwa tabaka hilo na mafuta yake havitofautiani sana. Tofauti iko chini. Kwenye ngozi yenye melanini nyingi, mwanga mwingi uliozama haurudi. Kwa hiyo ule wa juu, mng'ao wa paji na mfupa wa shavu, ndio unaobeba umbo la uso. Ndio unaomwonyesha mvuvi wa Baraka alfajiri. Anayechukua ngozi ya Mzungu iliyokuja na programu na kuipunguza mwanga hupata rangi ya majivu na uso uliolala. Mjuzi hufanya vingine: anaiacha rangi ya ndani iwe nzito na yenye wekundu au umanjano wake, anaongeza kazi kwenye ramani ya mng'ao, na anakumbuka kwamba mtu mmoja ana rangi nyingi. Kope si shavu. Mdomo wa chini si wa juu. Kiganja kina rangi yake, na mistari yake ni myeusi zaidi.

Ubaguzi wa namna hii una mzazi wake. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha foto zilipima rangi kwa kadi ya Kodak iliyokuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu. Wafanyakazi waliiita Shirley. Filamu iliyompendeza Shirley ndiyo iliyosafirishwa hadi studio za foto za Bukavu na Kigoma, na wapigaji wa huku walijifunza kwa mikono yao kuongeza taa na kutafuta pazia lisilozidi weupe ili mteja asigeuke kivuli chenye meno.

Nywele zina kisa kama hicho. Njia za kawaida za kuchora nywele ziliundwa kwa nywele zinazoanguka. Zile zinazojizungusha kama springi tangu kwenye kichwa ziliachwa. Mwaka 2023 msanii na profesa A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, alifungua maktaba huru ya nywele za Kiafrika za kompyuta, zinazopakuliwa bila malipo. Mwaka uliofuata yeye, Kim na wenzao wawili walichapisha hesabu mpya za nywele za vipilipili. Kabla ya hapo, anayetaka kumchora dada mwenye misuko au mabutu ya uzi alilazimika kusuka kila mstari kwa mkono, unywele kwa unywele, na hata sasa anayejua kusuka kweli ana faida kubwa kuliko anayejua kompyuta tu.

Mshono

Uso uliokamilika ukiachwa peke yake kwenye kioo cheusi cha kompyuta huonekana kama samaki aliyetolewa majini. Hatua ya tatu humrudisha ziwani: uso wa kutengenezwa unawekwa ndani ya foto ya kweli, kwa mfano ya ufukwe wa Baraka, na mshono unafichwa.

Kuna mambo machache yanayofichua mshono, na yote yanapimika. Kamera iliyopiga ufukwe ilikuwa kimo gani? Ikiwa upeo wa maji unapita kifuani kwa watu walio nyuma, lazima upite kifuani kwa mtu mpya pia, akiwa amesimama mchanga uleule. Kivuli kinaelekea wapi, na kingo zake ni kali au laini? Foto ina chengachenga za usiku? Uso nao utiwe chenga. Na rangi ya mahali lazima imguse: mchanga hurudisha uvuguvugu chini ya kidevu, anga hupaka ubluu mabegani.

Ili kuupata mwanga wa mahali bila kubahatisha, mtafiti Paul Debevec alionyesha mwaka 1998 hila nzuri: kupiga foto ya mpira unaong'aa kama kioo uliowekwa mahali pale pale. Mpira huona pande karibu zote, jua, mawingu, maji, ukuta, ndakala waliotandazwa, na kompyuta hutumia kile ulichokiona kuumulika uso. Mipira hiyo haiuzwi sokoni Baraka, lakini mgongo wa upawa mpya wa chuma ni nusu ya mpira. Ukiushika usawa wa uso na kuupiga foto, unapata ghuba yote imejikunja ndani ya kijiko: mitumbwi, Ubwari, na wewe mwenyewe na simu yako katikati, ambaye itabidi ufutwe.

Si kila fundi huficha mshono. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alitengeneza mwaka 2006 mfululizo wa picha uitwao Mémoire. Alichukua foto za kale za wafanyakazi wa migodi, nyeusi na nyeupe, akawakata na kuwasimamisha kwenye foto zake za rangi za karakana zilizochakaa za kampuni ya migodi ya Gécamines. Hakuwatia rangi. Hakuwapa vivuli vya kudanganya. Wamesimama pale wazi kwamba si wa siku hiyo, na mtazamaji analazimika kukaa kati ya nyakati mbili. Mbinu ni ileile ya mfinyanzi wa nyuso. Baloji aliishia hatua moja kabla kwa makusudi.

Na wakati mwingine kuunganisha ni kukata tu. Aprili 1965 mashua kutoka Kigoma ilifika Kibamba, mwambao wa Fizi, ikiwa na wapiganaji kutoka Cuba waliojipa majina ya Kiswahili: Moja, Mbili, Tatu. Tatu alikuwa Ernesto Che Guevara, aliyebadilishwa sura ili asitambulike, na alikaa katika milima hiyo hadi Novemba. Picha yake maarufu ilikuwa imeshapigwa miaka mitano nyuma, Machi 1960, Havana, na Alberto Korda. Kwenye negativu kuna mtu mwingine pembeni na majani ya mti. Korda aliviondoa. Kilichobaki, uso peke yake ukitazama mbali, kikaenda kwenye fulana duniani kote, wakati mwenye uso huo alikuwa amepita Fizi akiitwa namba.

Mwaka 1970 Mjapani Masahiro Mori aliandika kuhusu bonde wanaloangukia wengi wa wafinyanzi hawa: umbo likikaribia sana kuwa binadamu bila kufika, halipendezi tena, linatisha. Waswahili wangesema tu, uso wa maiti. Mara nyingi kasoro iko machoni. Jicho la kweli lina utepe mwembamba wa maji kwenye ukingo wa kope la chini, na nuru ndogo inayotetemeka juu ya utepe huo. Ukisahaulika, mtu amekufa.

Wapo wanaolikwepa bonde hilo kwa kutofuata uhalisia kabisa. Katika mfululizo wa katuni wa Kizazi Moto uliotoka Disney+ Julai 2023, Raymond Malinga wa Kampala aliwafinyanga wachunga ng'ombe wa Uganda wenye nyuso zilizorefushwa na kurahisishwa, na Ng'endo Mukii wa Kenya akatoa filamu fupi ya Enkai. Hatua ni hizohizo: wavu, ngozi, mwanga. Walichokipeleka kwa watazamaji ni namna watu wa huku wanavyokaa, wanavyoinua kidevu kusalimia, na hilo halipatikani ndani ya kifurushi cha programu yoyote.

Uso wa nani?

Ufundi huu una upande ambao wakazi wa mashariki ya Kongo hawahitaji kuonywa sana, kwa kuwa wameshaona foto ikitembea kwenye WhatsApp haraka kuliko swali. Anayeweza kumweka mvuvi asiyekuwepo kwenye ufukwe uliopo anaweza pia kumweka mtu mahali ambapo hakufika. Maarifa ya mshono humsaidia basi hata asiyegusa kompyuta. Atazame nuru ndani ya macho mawili: je, iko upande mmoja? Vivuli vya pua za watu wote vimeelekea kumoja? Kingo za nywele zimekatwa kama kwa wembe?

Kuna pia nyuso za waliokufa. Huko Sutherland, Afrika Kusini, mabaki ya watu wa Khoi na San yalichukuliwa makaburini na kufikishwa Chuo Kikuu cha Cape Town katika miaka ya 1920. Chuo kilipoyagundua upya, kiliwatafuta wazao. Wazao ndio walioomba kujua zaidi, na wataalamu wa Face Lab wa Liverpool, Uingereza, wakafinyanga nyuso za marehemu hao kwa kompyuta juu ya mafuvu yaliyopigwa picha za kitabibu: misuli kwanza, kisha ngozi, kisha rangi na macho. Familia ziliziona. Novemba 2023 mabaki yakazikwa Sutherland.

Mwambao wa Tanganyika una mtu wake. Kilomita karibu 300 kusini mwa Baraka, Mbelgiji Émile Storms alianzisha kituo cha Mpala mwaka 1883. Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia na kumuua Lusinga lwa Ng'ombe, chifu wa Watabwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Mwaka 2018 mwandishi wa habari Michel Bouffioux alionyesha kwamba lilikuwa bado mikononi mwa taasisi ya sayansi za asili mjini Brussels. Sanamu ya mbao iliyotekwa kwa Lusinga ikaishia katika jumba la makumbusho la Tervuren, kilomita chache kutoka hapo. Fuvu ndilo mahali ambapo mfinyanzi wa kompyuta angeanzia. Lakini kabla ya kalamu kuguswa, Watabwa wa Mpala wangetakiwa kuulizwa kama wanataka kumwona Lusinga kwenye kioo, au wanamtaka kwanza ardhini kwake.

Mvuvi wa Baraka yupo na anaweza kuulizwa leo. Akikubali, msanii anatakiwa awe ufukweni kabla ya saa kumi na mbili, simu imejaa chaji ya sola ya jana, upawa uko mkononi. Afanye haraka. Jua likishapanda juu ya Ubwari, ile mianga mitatu humezwa na mmoja, mvuvi hukunja jicho lake la upande wa maji, na akina mama wenye mabeseni wameshamzunguka wakibishania bei ya ndakala.